Kopo la Kahawa na Mapipa Arobaini

Mume wangu wanamwita Pua. Jina la kuzaliwa analo, lipo kwenye cheti, lakini hata marehemu mama yake alikuwa akifungua dirisha la jikoni na kuita, "Pua, njoo ule!" Anafanya kazi kwenye ghala la mvinyo, na huko halinunuliwi pipa kabla yeye hajatia pua kwenye glasi na kusema neno lake. Miaka ishirini na sita sasa. Akisema "huu ndio", Meneja anasaini. Akikunja uso, muuzaji anakunja jamvi.

Usije ukadhani ni mtu mkubwa. Ni mfupi, ana kitambi, mashati yake namshonea mimi kwa sababu ya dukani yanambana hapa na kupwaya pale. Mimi ni fundi cherehani. Tunaishi kwenye vyumba viwili na jiko, nyuma ya ukuta wa ghala, na nyumba hiyo ni ya ghala. Liweke hilo akilini, mwenzangu. Siku Pua atakapomwaga unga, tunatoka na godoro siku hiyohiyo, na ana umri wa miaka hamsini na sita, na hajui kazi nyingine yoyote chini ya jua.

Yote yalianza na chafya moja. Alikuwa amekaa kitandani anavaa soksi, akapiga chafya, nikamwambia "Afya", akacheka. Jioni yake akawa na mafua. Siku nne yakaisha, akarudi kazini, nami nikasahau.

Sasa, nyumbani kwetu kahawa ya asubuhi haichemshwi mpaka Pua afungue kopo. Hufumba macho, huvuta pumzi, husema "Inanukia", ndipo mimi naweka maji motoni. Tangu tuoane ni hivyo. Nilishamwambia mara mia kwamba kahawa itanukia tu hata asipoipa kibali, lakini mwanaume na mazoea yake, utamfanyaje?

Wiki ya pili baada ya mafua nilinunua kopo jipya. Lile la zamani nililiosha kwa sabuni, nikalianika juani, nikalijaza mabaki ya vitambaa vyangu, nikaliacha mezani. Akaja, akalichukua lile la vitambaa. Akafumba macho. Akavuta pumzi ndefu mpaka kitambi kikaingia ndani.

"Inanukia," akasema.

Nilibaki na sufuria mkononi. Nikamwambia, "Hebu fumbua macho."

Akafumbua. Alitazama vile vipande vya kitambaa cha maua, nilivyokata kwenye gauni la jirani, akaviangalia muda mrefu sana. Kisha akakaa kwenye kiti, akaanza kulia. Sijawahi kumwona mtu huyu akilia, hata kwenye msiba wa mama yake alijikaza. Damu ilinikauka mwilini.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Tangu yale mafua. Sisikii kitu. Mkate, sabuni, moshi, wewe. Hakuna."

"Daktari?"

"Anasema inaweza kurudi, inaweza isirudi."

"Na kazini unafanyaje, baba?"

Akapangusa uso kwa kile kitambaa cha maua. "Nabahatisha."

Nabahatisha! Mtu ambaye watu wananunua mapipa kwa neno lake. Nilishikwa na hasira, nikataka kumtupia sufuria, halafu nikaona anavyokikunjakunja kile kitambaa, hasira ikageuka kuwa woga, na woga huo haukuniachia tena. Nilikuwa nikishona nasikia mlango unagongwa, moyo unanidunda: wamegundua. Nikimwona mlinzi wa ghala anakuja na karatasi, nasema leo ndiyo leo.

Bahati nzuri miezi ile hapakuwa na ununuzi mkubwa. Lakini Jumamosi ya kwanza ya kila miezi mitatu kulikuwa na karamu ya Mpishi.

Mpishi ni mwanamke wa makamo, mnene, mcheshi, anayeongoza jiko la hoteli. Yeye, Pua, Meneja wa ghala na mzee mmoja anayetengeneza mapipa, ambaye sote tunamwita Mapipa, ni marafiki wa siku nyingi. Wanakula kwa Mpishi, kila mtu anakuja na chupa iliyofungwa gazeti ili lebo isionekane, na hilo gazeti wanalilowesha maji chupa ipoe kidogo. Kwanza wanaonja mivinyo myekundu mizito, ile inayokausha ulimi kama chai iliyokolea, wakila nyama. Mwishoni na jibini wanaonja wale wanaowaita "wazee", mvinyo mtamu ulioongezewa pombe kali tangu pipani, wa kukaa miaka na miaka. Na anayetoa hukumu ni nani? Pua.

"Nitasema naumwa," akaniambia.

"Ukisema unaumwa, wataniuliza unaumwa nini. Niseme nini mimi?"

Tukapanga. Kwa wiki tatu jiko langu likageuka darasa. Aliniletea masalia ya chupa kutoka ghalani, ananimiminia, ananiuliza nasikia nini. Mimi mvinyo sijui, sitaki kujua, kwangu unaumiza kichwa tu. Lakini pua yangu ni nzima. "Nasikia kiatu kipya," namwambia, naye anashangilia, "Ngozi! Vizuri sana!" Namwambia, "Huu kama karanga zilizoachwa motoni," ananibusu kwenye paji la uso. Siku moja alinipa glasi nikarudisha kichwa nyuma. "Uwii, huu gazeti lililoloa!" Akasema huo umeharibika, kizibo kimeota ukungu, ukisikia harufu hiyo mahali popote usinywe, usinunue, kimbia.

Alama tukaziweka hivi: nitakaa ubavuni mwake, nimkanyage mguu. Mara moja ni matunda. Mara mbili ni ngozi na moshi. Mara tatu ni karanga, jozi na sukari iliyoungua. Na ikiwa mvinyo umeharibika, nimkamate goti nilibane. Tulifanya mazoezi mezani mpaka viatu vyake vikachubuka.

Jumamosi ikafika. Saa kumi na mbili jioni, bado kweupe, tukaingia kwa Mpishi, mimi na gauni langu la kola. Chumba kizima kilikuwa kinanuka magazeti mabichi. Chupa tano zilipangwa kabatini zimevimba kama watoto waliofungwa nepi. Ndoo ya kutemea ilikuwa chini, karibu na mguu wa meza.

"Wifi!" Mpishi akanikumbatia. "Leo mke na mume hawakai pamoja. Mtanong'ona mpaka chakula kipoe. Wewe kaa pale, karibu na Meneja."

Pale! Ng'ambo ya meza! Nilimtazama Pua, naye akanitazama. Mguu ningeweza kuunyoosha nikaufikia. Goti, labda niwe twiga.

Chupa ya kwanza ikamiminwa. Niliinua glasi, nikanusa, nikasikia kiatu kipya na majivu. Nikanyoosha mguu chini ya meza, nikakanyaga mara mbili, kwa nguvu.

"Samahani, shemeji," Meneja akasema, akivuta kiatu chake.

Jamani! Niliona aibu nikatamani sakafu ipasuke. Meneja ni mtu mrefu, mkimya, wa tai muda wote, na ndiye mwenye kalamu ya kumwondoa mume wangu kazini. Nami nimemkanyaga kidole gumba! Nikacheka kijinga, nikatafuta tena, safari hii nikaupata mguu wenyewe. Pua akazungusha glasi, akafumba macho, akakaa kimya kama anayesali.

"Ngozi," akasema. "Na moshi, kwa mbali."

"Mtu huyu ni mchawi," akasema Mapipa, akagonga meza.

Tukaenda hivyo. Nyama ikaja, ya kuoka na viazi, mimi siioni hata ladha yake. Wa pili, matunda. Wa tatu, matunda na ngozi, nikamkanyaga mara moja, nikapumzika, kisha mara mbili, naye akaelewa. Tatizo likawa moja ambalo hatukulifikiria. Wenzangu walikuwa wanatema mvinyo kwenye ndoo wasilewe. Kutema mate mbele za watu, tena kwenye chakula? Nililelewa, mimi. Nikawa nameza. Ilipofika chupa ya nne, masikio yalikuwa yanapata moto na taa ya Mpishi ilikuwa na wenziwe wawili.

Ndipo Meneja akasimama, akaleta chupa aliyokuja nayo yeye mwenyewe.

"Huyu ni mzee," akasema. "Sampuli. Kuna muuzaji ana mapipa arobaini ya huu, anayaleta Jumatatu. Sijawahi kununua mzigo mkubwa hivi. Pua akisema ndio, nasaini asubuhi."

Mapipa arobaini. Moyo wangu ulipiga mara moja ukasimama. Pua alikuwa ameshika uma, akauweka chini polepole.

Wakamimina. Rangi yake nzuri, kahawia inayowaka. Nikanusa: gazeti. Lakini chumba kizima kilikuwa gazeti, tangu tulipoingia, magazeti yamelala kabatini, mengine chini, mengine mapajani mwa Meneja. Nikasema moyoni, hilo ni la chumba. Nikanusa tena chini yake nikitafuta, nikapata kitu kama jozi, kidogo, mbali. Nikanyoosha mguu. Mara tatu.

Pua akafumba macho. "Jozi," akasema. "Sukari iliyoungua. Ganda la chungwa lililokauka. Huu ni mzee wa heshima."

"Jozi hasa!" akasema Meneja. "Mimi nimeisikia jozi mara moja."

"Chungwa ndilo lililonigusa," akasema Mapipa.

Mpishi alisita, akatazama glasi yake, akasema, "Kama Pua amesema." Kisha akainuka, akakusanya magazeti yote, akayabeba kwenda kuyatupa kwenye pipa la taka uani, akafungua madirisha mawili. Upepo ukaingia. Chumba kikabaki na harufu ya nyama na ya mvua ya jana kwenye majani.

Nami nikainua glasi yangu tena.

Mwenzangu, nywele zilinisimama. Gazeti lilikuwa mle ndani. Lilikuwa ndani ya glasi tangu mwanzo, limeloa, limevunda, na mimi ndiye niliyemkanyaga mume wangu mara tatu akausifu uozo mbele ya bosi wake. Nikamnyooshea mguu, nikamkanyaga, nikamkanyaga, nikamkanyaga. Akanitazama haelewi. Mara nane ilikuwa nini? Hatukuwa na alama ya mara nane. Na goti lilikuwa kule.

Meneja alikuwa ameshatoa kijitabu chake mfukoni. "Basi nimekata shauri. Jumatatu saa tatu asubuhi. Pua, utaweka sahihi yako chini ya yangu."

Nikawaza haraka, kwa kichwa kile kilichojaa mvinyo. Nikinyamaza, leo tunalala salama. Halafu mzigo unaingia, wateja wanarudisha, na karatasi ina sahihi ya nani? Watamtoa si kwa ugonjwa, watamtoa kama tapeli. Nikisema, namvua nguo mume wangu mbele ya marafiki zake. Niliogopa pande zote mbili. Nikasikia sauti inatoka, na ilikuwa yangu.

"Unanuka gazeti lililoloa."

Wakacheka. Si kwa ubaya. "Shemeji," akasema Mapipa, "mwachie kazi mwenye pua yake."

Pua hakucheka. Alinitazama machoni, nami nikamtazama, nikitikisa kichwa kidogo tu. Nikaona anaelewa. Uso wake ukapauka hata midomo. Angeweza kucheka na wenzake, na mimi ningenyamaza, naapa ningenyamaza. Akaiweka glasi mezani.

"Kama mke wangu amesema unanuka gazeti, unanuka gazeti," akasema. "Mimi sisikii kitu. Tangu yale mafua. Jioni nzima alikuwa ananikanyaga mguu."

Nilingoja Meneja apige meza, asimame, amwambie Jumatatu alete funguo za nyumba. Nilishaanza kuhesabu vyombo vyangu kichwani, cherehani ingebebwa na nani. Badala yake Meneja alitoa leso akajifuta jasho.

"Umesema jozi," akasema. "Nami nikasema nimesikia jozi."

"Ndiyo."

"Sikusikia jozi." Akalegeza tai. "Mimi niliuza matairi kabla ya ghala. Ndani ya mvinyo sijawahi kusikia kitu isipokuwa mvinyo. Miaka kumi na moja nasema unachosema."

Sote tukamgeukia Mapipa. Mzee akainamia sahani. "Nimevuta sigara miaka arobaini, mnategemea nini? Nilinyamaza. Nilijua mtasema nimezeeka."

"Mimi hilo gazeti nililisikia," akasema Mpishi kwa sauti ndogo isiyo yake. "Nikadhani ni magazeti. Tena nani mimi, Pua ameshasema?"

Haki ya Mungu, nilidhani nitapata nafuu. Nilikuwa nimebeba siri ile na mume wangu tu wiki baada ya wiki. Lakini nilipowaona watu wazima watatu wameshika glasi za mvinyo mbovu, ndipo hofu iliponiingia kwenye mifupa. Kumbe ghala lote, na watu wote mle, lilikuwa limesimama juu ya pua moja, na hiyo pua imekufa.

"Inaweza kuwa kizibo tu," Pua akasema, na sauti yake ilikuwa ya kazi sasa, tulivu. "Kama ni kizibo, ni chupa hii peke yake, mzigo ni mzuri. Kama ni mapipa yameota ukungu, yote ni ya kumwaga. Hakuna njia nyingine. Lazima yafunguliwe yanuswe moja moja, yote arobaini, muuzaji akiwa amesimama pale."

"Na nani?" akauliza Meneja.

Wakanitazama mimi.

Meneja akainuka, akafunga madirisha yote mawili. "Hili halitoki humu," akasema. "Wenye ghala wakijua, si Pua tu, tunaondoka wote wawili. Shemeji, Jumatatu utakuja kupima wafanyakazi aproni. Utakuwa na futi yako na daftari. Utapita kwenye mapipa pamoja na Pua. Ukikubali, hakuna atakayewagusa kwenye nyumba ile, mimi nikiwa hai."

Nilitaka kumwambia ajipimie mwenyewe aproni. Lakini nyumba ameshaitaja. Nikasema, "Nitakuja."

Jumapili mume wangu alinitunza kama yai. Hakuniacha nikate kitunguu. Aliziba mwanya wa mlango kwa taulo, akanivika skafu shingoni, jua linawaka nje. Nilipotaka kufagia akaninyang'anya ufagio, vumbi lisije likanidhuru. Nikamwambia, "Kumbe nilitakiwa kuwa pua zamani, ningekuwa nimepumzika miaka yote hii." Akacheka, cheko fupi, akaenda kuangalia dirisha kama limefungwa.

Jumatatu niliamka mapema. Nilikuwa nimekaa kitandani navaa soksi. Nikapiga chafya.

Pua alikuwa mlangoni na taulo begani. Hakuniambia "Afya". Alisimama vilevile, mkono kwenye kitasa, ananitazama.

"Vumbi," nikasema.

"Vumbi," akasema.

Akaenda jikoni. Nikamsikia anaburuta kiti, anachukua kitu rafuni. Akarudi na kopo la kahawa, jipya, akaninyooshea kwa mikono miwili. Nje, langoni mwa ghala, gari la Meneja likapiga honi, mara moja, taratibu. Nikalifungua kopo. Kahawa ilikuwa imejaa hadi ukingoni, nyeusi, niliyoinunua jana tu. Nikafumba macho, nikainamisha uso, nikavuta pumzi mpaka kifua kikauma.

Sikusikia kitu. Nikavuta tena. Hakuna.

"Vipi?" akaniuliza, kwa sauti ya mtu anayeomba.

Nikafunika kopo, nikachukua futi yangu na daftari.

"Inanukia," nikamwambia.